Udi Ndani ya Hema la Barafu

Siku yangu ya kwanza kazini sikumsalimia mtu isipokuwa Bibi, na hata yeye ilibidi aniambie nirudie kwa sauti. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na mvua ile ya London isiyonyesha wala kukatika. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mama alinishusha mbele ya duka la sari pale Kingsbury, akanielekeza nipite uchochoro wa pembeni mpaka nyuma, kwenye karakana ya kaka yake, kisha akaondoka kabla sijapata kisingizio.

Sasa nina miaka kumi na minane na nimeshastaafu. Najua kustaafu ni neno la wazee, lakini sijapata jingine. Kazi niliifanya, nimeiacha, na kuna wadogo zangu wataingia pale nyuma ya duka la sari bila kujua mambo yalikuwaje wakati wetu. Nimezoea kuandika shajara, ambako hakuna anayesoma, kwa hiyo mnisamehe pale nitakaposema zaidi ya inavyotakiwa.

Karakana ilikuwa inashona mahema ya barafu. Hayo ni mahema madogo yenye kuta nene, wanayokalia watu wanaovua samaki juu ya maziwa yaliyoganda. Mtu anatembea juu ya maji yaliyogeuka jiwe, anatoboa tundu, anasimamisha hema juu yake, anaingia, anakaa kwenye kigoda na fimbo fupi ya kuvulia. Uingereza hakuna baridi ya kutosha kwa mchezo huo. Wateja wetu walikuwa Walithuania na Walatvia wanaofanya kazi hapa London, mafundi ujenzi wengi wao, ambao kila majira ya baridi hurudi kwao kuvua. Bibi alipoelezwa mara ya kwanza aliuliza kama watu hao wana familia.

Na yeye ndiye aliyeanzisha, bila kukusudia. Zamani alikuwa akishona mapazia na mifarishi kwa watu wa Harrow. Siku moja fundi mmoja wa ujenzi aliyejuana na Mjomba akaleta hema lake limechanika, Bibi akalitia kiraka cha mfarishi. Yule bwana akarudi baada ya safari akasema pale penye kiraka ndipo palipokuwa na joto kuliko hema zima. Mwaka uliofuata wakaja wenzake.

Wakuu wangu wa kazi walikuwa wawili. Msimamizi wa Ushonaji alikuwa Bibi, mama yake mama yangu, mtu wa Pemba, mfupi, mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani juu ya ushungi. Meneja alikuwa mwanawe, Mjomba Haroub, ambaye kabla ya hapo alikuwa fundi wa gesi na mitambo ya kupasha nyumba joto. Mjomba alikuwa mwenye karakana, lakini nilichukua muda mfupi kuelewa kwamba mwenye karakana si lazima awe ndiye mwenye amri.

"Huyu hasemi?" Mjomba alimuuliza Bibi siku hiyo ya kwanza, mimi nimesimama pale pale.

"Anasema. Kwa Kiingereza, na ukiwa umeshaondoka."

Ilikuwa kweli. Nyumbani Kiswahili kilikuwa kinaingia masikioni mwangu na Kiingereza kinatoka mdomoni. Nilikuwa naelewa kila neno la Bibi na simjibu kwa lake hata moja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa idara ya nyuzi. Nilikata nyuzi zinazoning'inia, nikafagia, nikajaza pamba. Ukuta wa hema la barafu una matabaka matatu: kitambaa kigumu cha nje kinachozuia upepo, pamba ya kuhami joto katikati, na kitambaa cha ndani ambacho ni lazima kiwe cha aina isiyoshika moto upesi. Matabaka hayo hushonwa pamoja kwa mistari ya mshazari, pamba isije ikateremka yote chini kama soksi iliyolegea. Bibi alikuwa akipitisha kiganja juu ya mshono na kuniambia pale penye kasoro bila kutazama.

Halafu kulikuwa na kufukiza, na hapa ndugu zangu msome taratibu, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwetu nguo hufukizwa udi. Nguo ya harusi, nguo ya sikukuu, kanga za mgeni. Unaweka makaa ya moto ndani ya chetezo, unadondosha vipande vya udi juu yake, nguo inakaa juu ya moshi mpaka inanukia. Bibi hakuweza kumkabidhi mtu kitu alichokishona kabla hakijapita kwenye udi, na hema kwake lilikuwa nguo tu, kubwa. Lakini akagundua jambo. Moshi wa udi ukishajaa ndani ya hema lililofungwa, hutoka kila penye tundu la sindano lisilozibwa. Kwa hiyo kufukiza kukawa pia ndiko kukagua. Anafunga zipu zote, anaziba matundu ya hewa na dirisha kwa vitambaa, anakaa ndani kwenye kigoda na chetezo mbele yake. Mimi niko nje na chaki. Penye uzi wa moshi, natia alama. Na yeye huko ndani gizani anatazama kuta: penye kasoro, taa ya karakana inapenya kama nyota, naye anaihesabu kwa sauti ili tulinganishe.

"Nyota kushotoni, juu ya dirisha."

"Seen it."

"Sema nimeiona."

"Nimeiona."

Akimaliza alikuwa akitoka macho yanalia, ananukia kama chumba cha bibi harusi, na anajisifu. Hakuna karakana nyingine iliyokuwa ikikagua mahema hivyo. Wateja wakifungua mfuko wa hema wanavuta pumzi, wanatabasamu. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuchoka, kukata vitambaa alikuwa ameshamwachia Mjomba, hata kutia uzi kwenye sindano alinipa mimi. Kufukiza ndiko kulikobaki kwake peke yake. Aliniambia siku moja, tunakunywa chai, wala si kwa uchungu, "Siku nikiachishwa kufukiza, nirudisheni Harrow nikakae dirishani nihesabu mabasi."

Mwaka wa pili nikahamishiwa kitengo cha joto, chini ya Mjomba. Tulikuwa hatuuzi mahema tu. Mteja akitaka, tunampa na kipasha joto, na hapo Mjomba alikuwa hacheki.

"Ndani ya hema unaogopa nini?" aliniuliza.

"Moto."

"Moto utauona, utakimbia. Ogopa usichokiona."

Akanieleza monoksidi. Ni hewa ya sumu inayotoka kwenye kitu chochote kinachoungua, hasa kikiwa hakipati hewa ya kutosha. Gesi, mafuta, kuni, mkaa. Haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu mahali pa hewa safi, mtu anaumwa kichwa, anaona kichefuchefu, anasinzia, na kwa kuwa amesinzia hapati nafasi ya kushtuka. Mjomba alisema katika kazi yake ya zamani aliwahi kuingia nyumba ambazo watu walikuwa wakilalamika mafua ya ukoo mzima, kumbe ni jiko bovu. Alilisema hilo akiwa anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

Basi mambo aliyonifundisha ni haya, nami nayaandika kama alivyoyasema. Hema linalowashwa kitu ndani lazima liwe na matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu kwa upande wa pili. La chini linaingiza hewa mpya, la juu linatoa iliyotumika. Ukiacha moja tu hujafanya kitu. Watu wa barafuni hurundika theluji kwenye pindo la hema ili upepo usipenye, na theluji hiyo ndiyo inayoziba tundu la chini, kwa hiyo litazamwe kila mara. Kipasha joto kikae juu ya ubao, si juu ya barafu, maana barafu itayeyuka chini yake na kitainama. Kikae mbali na ukuta na mbali na mlango, mtu akitaka kutoka asikivuke. Silinda ya gesi iwe ile nyekundu, ya propeni. Zile za buluu gesi yake inasusa kwenye baridi kali. Maungio ya mpira wa gesi yapakwe maji ya sabuni. Yakitoa povu, usiwashe. Na kabla ya kulala, zima. Anayetaka joto usingizini atumie ile mashine inayokaa nje ya hema na kusukuma hewa ya moto kwa bomba, nayo moshi wake uelekezwe kule upepo unakoelekea, sio kwenye mlango.

Juu ya hayo yote kuna kengele. Ni kidude cha ukubwa wa pakiti ya biskuti kinachonusa monoksidi kwa niaba yako. Kinatundikwa usawa wa kichwa cha aliyelala, si karibu na tundu, kwani hapo kitanusa hewa ya nje na kukudanganya. Kazi yangu ilikuwa kuwasha kipasha joto ndani ya hema jipya na kukaa nje nikitazama kupitia dirisha la plastiki, kengele imetundikwa, matundu wazi. Niliipenda sana kazi hiyo. Hakuna aliyekuwa akinisemesha.

Jumamosi moja Mjomba alikuwa ameenda kuchukua vitambaa. Nilimaliza jaribio la joto nikatoa mtambo, nikasahau kutoa kengele. Bibi akaingia kufukiza. Nilikuwa nimeshatia alama ya chaki ya pili au ya tatu kengele ilipoanza kulia.

"Rahma," Bibi aliita kutoka ndani, bila haraka, "kidude chako kinanipigia makelele."

"Bibi, come out. Please."

Akatoka. Akakaa juu ya robota la kitambaa, ameshika paji la uso. Nikafungua zipu zote.

"Ni presha hii," akasema. "Siku za kufukiza hunishika. Ni kuinama."

"It's the alarm, Bibi. It says..."

"Hicho hakijazoea udi. Kimetengenezwa na watu wanaokula viazi vya kuchemsha. Kitoe, kisinisumbue."

Siku za kufukiza hunishika. Nililibeba neno hilo wiki nzima, shuleni, kwenye basi, mezani. Mjomba alijua udi unafukizwa. Alikuwa mara zote yuko safarini au mbele anaongea na wateja, na alidhani Bibi anaacha chetezo ndani na kukaa nje, kama tulivyofanya na nguo. Aliyekuwa anajua kwamba Bibi yumo ndani ni mimi. Nikimwambia Mjomba, atamkataza mama yake kama anavyomkataza mteja, na Bibi atarudi Harrow kuhesabu mabasi, na atajua nani kamsema. Nikinyamaza, basi... Hapo nilikuwa namalizia sentensi kichwani kisha nainuka kwenda kunywa maji.

Jumamosi iliyofuata nikafanya jambo la mtu mwoga: nilichomoa kitambaa kwenye tundu la chini kabla Bibi hajaingia. Akakigundua mara moja.

"Nani kafungua huku?"

Nikainua mabega.

"Moshi utajuaje tundu la sindano kama umeufungulia mlango?" Akakirudisha kitambaa mwenyewe, akakikandamiza kwa kidole gumba. Akaingia. Nikasimama nje na chaki, nikimsemesha. Sijawahi kumsemesha mtu kiasi kile. Nilimuuliza juu ya kila nyota, hata zisizokuwepo, ili nisikie anajibu.

"Leo una nini wewe?" akasema kutoka ndani. "Umemeza redio?"

Alitoka salama, anajikanda kichwa. Na kabla hajakaa vizuri mlango wa karakana ukagongwa, akaingia mwenye hema, Bwana Tomas, Mlithuania mrefu mwenye vumbi la plasta kwenye nyusi. Alikuwa anasafiri kesho yake. Akanieleza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu, kwamba safari hii anakwenda na baba yake. Mzee hajashuka ziwani tangu augue, na watalala humo humo hemani. Alikuwa na furaha ya mtoto.

Akaingiza kichwa ndani ya hema, akavuta pumzi, akageuka akaniuliza jambo.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anauliza harufu hii inatoka wapi."

Bibi alifurahi mpaka kichwa kikaacha kumuuma. Akammiminia chai ya tangawizi. Akaenda kwenye kabati lake, akarudi na chetezo cha udongo, kile kidogo alichotoka nacho Pemba, na mfuko wa makaa, na udi umefungwa kwenye kipande cha kanga. Akaviweka mikononi mwa Bwana Tomas, mikono ile mikubwa, akavifunika kwa mikono yake.

"Mwambie ni zawadi ya baba yake. Mwambie wakifika huko waingie ndani, wafunge zipu zote, wawashe makaa, watie udi. Usingizi watakaolala humo hawajapata kuulala."

Alikuwa ananisubiri nitafsiri.

Mtu mwenye haya hupenda kutafsiri, kwa kuwa maneno si yake. Nilimtazama Bwana Tomas nikamwambia kwa Kiingereza, haraka, kwamba hii ni zawadi kutoka kwa bibi yangu, na kwamba asiiwashe ndani ya hema, kamwe, itamuua yeye na baba yake. Tabasamu lake likabaki usoni bila kujua liende wapi. Akamtazama Bibi, akanitazama mimi.

"Umemwambia wafunge zipu?" Bibi akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Yule bwana angeondoka, asingeiwasha, Bibi angebaki na furaha yake, hakuna ambaye angeaibika. Na Jumamosi inayofuata Bibi angeingia hemani, akafunga zipu.

"Sikumwambia, Bibi."

"Kwa nini?"

Nilijibu kwa Kiswahili. Na nawaambia, hakikutoka vizuri. "Kwa sababu watakufa. Mkaa una sumu. Si udi, Bibi, ni mkaa. Ile ya kwako si presha. Ni huo mkaa. Kengele haikosei. Na wewe pia uta... wewe pia."

Sikumbuki kama nililia. Bwana Tomas anasema nililia.

Bibi aliondoa mikono yake juu ya mikono ya mgeni. Akatelemsha miwani ya kichwani, akawa na miwani miwili usoni, akanitazama.

"Nimekuwa nikifukiza tangu mama yako hajazaliwa," akasema. "Na nyanya yangu. Na wa kwake. Sote hao tulikuwa tunakufa hatujijui?"

"Nyumba zenu zilikuwa na..." Nilikosa neno. Nikaonyesha juu kwa mikono, paa, madirisha, ule uwazi chini ya mapaa. "Hewa ilikuwa inapita. Hapa unaziba kwa kitambaa."

Bwana Tomas alikuwa ameketi juu ya robota na chai yake, chetezo magotini, hasogei.

"Haya," Bibi akasema. "Lete kidude chako. Tia mkaa mtupu, bila udi hata chembe. Ufunge. Mtu asiingie. Kikinyamaza, utaniomba radhi mbele ya huyu mgeni, na utamwambia nilichokuambia umwambie."

Tukafanya hivyo. Niliwasha makaa uani mpaka yakawa mekundu, nikayaingiza kwenye hema ndani ya chetezo kikubwa, juu ya ubao, nikatundika kengele usawa wa kichwa, nikafunga zipu, Bibi mwenyewe akaziba matundu. Tukakaa nje watatu kama watu wanaosubiri daktari. Nikamweleza Bwana Tomas tunachofanya, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Bibi aliusogeza uso wake kwenye dirisha la plastiki. Ndani kulikuwa kweupe, safi, makaa yanang'aa, hakuna hata uzi wa moshi.

"Pametulia," akasema.

Na kengele ikalia.

Bibi hakuondoa uso wake dirishani. Alikuwa anaitafuta hiyo sumu kwa macho, mtu ambaye anaona tundu la sindano gizani, na haioni.

Hapo ndipo Mjomba alipoingia na mabunda ya kitambaa begani. Akaliona hema limefungwa linapiga kelele, akayabwaga yote chini. "Nani yumo ndani?"

"Hamna mtu," Bibi akasema. Kisha akaongeza, taratibu, "Leo hamna mtu."

Mjomba alimtazama mama yake. Akanitazama mimi na chaki yangu mfukoni. Akafungua zipu, akaburuta ubao na chetezo mpaka uani, akarudi, akakaa chini sakafuni. Hakumgombeza. Naamini ndiyo mara pekee nilipomwona hana la kufundisha.

"Arubaini ya mama yako," Bibi aliniambia mimi, si yeye. "Nilipomzaa. Walinitilia mkaa wenye ubani uvunguni, wakafunga na dirisha, mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa naumwa kichwa, kichanga kinatapika. Wakasema baridi imetuingia, wakaongeza mkaa." Akavua miwani yote miwili. "Dada yangu ndiye aliyefungua dirisha. Alisema harufu ya ubani inamkera."

Bwana Tomas akauliza bibi anasema nini. Nikamtafsiria, yote. Akanyanyuka, akakirudisha chetezo kidogo mezani, na mfuko wa makaa, lakini ule udi katika kipande cha kanga akauweka mfuko wa ndani wa koti lake, akamwomba ruhusa kwa ishara. Bibi akamkubalia.

Jioni ile ile Mjomba alimpeleka Bibi hospitali apimwe. Aliambiwa hana dhara la kudumu, arudi kama kichwa kitaendelea. Hakikuendelea. Lakini ilikuja wiki niliyoiogopa: Mjomba alisema kufukiza basi, tutakagua kwa taa peke yake, na Bibi hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Jumamosi hiyo alikaa na sindano isiyo na uzi.

Nilimwomba Mama anipeleke Edgware Road. Pale kwenye maduka ya Waarabu vinauzwa vyetezo vya umeme: sahani ndogo inapata moto, udi unatoa moshi, hamna mkaa. Niliongea na muuza duka mimi mwenyewe. Bibi alikizunguka kile kidude siku nzima.

"Udi wa plagi," akasema. "Wallahi mna mambo."

"Moshi ni ule ule, Bibi."

"Moshi ni ule ule, harufu ina haraka."

Ikawa ndiyo kanuni mpaka leo: chetezo cha umeme kinaingia hemani peke yake, hakuna mtu anayekaa ndani na moshi wa aina yoyote, na kengele inakaa humo hata hivyo. Bibi anakaa nje kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, analizunguka hema kwa kujisukuma kwa mguu mmoja, chaki mkononi. Kuhesabu nyota kunafanyika baadaye, hema likishapigwa upepo, milango wazi kwa muda mrefu kisha inafungwa. Alipata alama nyingi zaidi kuliko mimi nilivyowahi kupata, na alinikumbusha hilo.

Nami nikapandishwa cheo. Mjomba aliniambia nikabidhi mahema. Kukabidhi ni kusimama mbele ya mteja na kumweleza matundu, ubao, silinda, sabuni, kengele, kuzima kabla ya kulala, na kwamba mkaa, kuni za wazi na jiko la kupikia havina kazi ndani ya hema. Mara za kwanza nilikuwa nakiangalia kifungo cha koti la mteja. Baadaye nikapanda mpaka kwenye kidevu. Sitawadanganya kwamba haya ziliisha. Nilijifunza tu kwamba sauti ndogo nayo inasikika, mtu akiwa anasema jambo ambalo msikilizaji atalihitaji akiwa peke yake, mbali, na baridi.

Bwana Tomas alirudi majira ya kuchipua kutengenezewa zipu. Baba yake alikuwa amepata samaki wakubwa kuliko wake na alikuwa hajaacha kumwambia. Bibi aliuliza kama mzee alilala vizuri. Akasema alikoroma.

Nimeacha kazi mwaka huu kwa sababu ya mitihani, na baada ya mitihani kuna chuo, mji mwingine. Watu wakistaafu hufikiria waliyoyajenga. Mimi sikushona hata hema moja zima. Ninachofikiria zaidi ni zile Jumamosi nyingi nilizosimama na chaki nikimsikiliza Bibi anahesabu nyota, zote zikaisha kwa yeye kutoka. Huwa sikai sana na fikra hiyo. Nikiipata basini hushuka kituo kimoja kabla, nikatembea.

Jumamosi yangu ya mwisho tulikuwa na hema la kukabidhi. Mteja alikuwa kijana, mara yake ya kwanza, ana haraka, gari lake ameliegesha pabaya. Nikasogea nianze maelezo, Bibi akaniwahi. Alikisukuma kile kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa karakana, akaifunga njia.

"Kaa," akaniambia. "Wewe umestaafu."

Kisha akamgeukia kijana, kwa Kiingereza chake ambacho kina maneno machache na hakuna hata moja la kupamba. Akamwonyesha tundu la chini. Akamwonyesha la juu. Akachukua kipande cha mkaa kutoka mfuko wa aproni, akakiinua mbele ya pua ya kijana, akasema: hiki, hapana. Ukilala, huamki. Rudia.

Kijana akacheka kidogo, akatazama saa, akatazama gari lake.

Bibi hakusogea. "Rudia," akasema.

Akarudia, yote, mpaka kengele na sabuni. Alipokosea tundu la juu alirudishwa mwanzo. Ndipo Bibi akausukuma mguu wake sakafuni, kiti kikateleza pembeni, na njia ikawa wazi.